Gemu ya kriketi inaijua pichi, haiujui muda

Tangu vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipokata tiketi ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2025, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, nimekuwa nikiulizwa swali lilelile na watu ambao zamani hawakuutazama mchezo huu hata kwa dakika kumi: nitajifunzia wapi? Viwanja ni vichache, vifaa ni ghali, na mechi nyingi huchezwa bila kuonyeshwa popote. Kwa hiyo wengi wanakimbilia kulekule kizazi chao kilikojifunzia majina ya wachezaji na mifumo ya mpira wa Ulaya, yaani kwenye gemu. Wanaitafuta gemu ya kriketi, wanakutana na Cricket 24 ya studio ya Big Ant ya Melbourne, na kabla hawajatoa pesa wanasoma hukumu iliyokwisha kutolewa: gemu mbovu, imejaa hitilafu, tafuteni kitu kingine. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imebonyeza mahali pasipouma.

Msimamo wangu ni huu. Kati ya gemu za kriketi nilizowahi kucheza kwenye konsoli, hakuna inayoielewa vita ya mrushaji na mpigaji kama Cricket 24. Ndani ya pichi, ule ukanda wa mita 20 kati ya mrushaji na mpigaji, gemu hii ni hodari na ina mengi ya kufundisha. Udhaifu wake mkubwa uko nje ya pichi: haiujui muda wa kriketi, haiwaelewi wazuiaji waliotawanyika uwanjani, na haijui hofu ya kupoteza wiketi, yaani ya mpigaji kutolewa. Kuganda na kujifunga katikati ya mechi ni kero halali, ila hiyo ni kero inayorekebishika kwa sasisho. Tatizo la muda halirekebishwi na sasisho lolote, kwa sababu linatokana na asili ya kriketi yenyewe, na hadi sasa watengenezaji hawajalikabili uso kwa uso.

Tuangalie kwanza tulikotoka. EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, walitengeneza gemu za kriketi hadi Cricket 07, iliyotoka mwaka 2006, kisha wakauacha mchezo huu na hawakurudi. Codemasters, waliokuwa na mfululizo uliobeba jina la Brian Lara, mpigaji nyota wa West Indies, nao wakajitoa baada ya International Cricket 2010. Mwaka 2013 ikaja Ashes Cricket 2013, gemu yenye leseni rasmi ya ule mfululizo mkongwe wa mechi za Testi, zile za siku tano, kati ya Uingereza na Australia. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba wachapishaji wake, 505 Games, waliiondoa sokoni siku chache baada ya kuitoa na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Katika jangwa hilo ndipo Big Ant walipotoa Don Bradman Cricket 14 mwaka 2014, na tangu hapo karibu kila gemu kubwa ya kriketi ya konsoli imetoka mikononi mwao: Ashes Cricket mwaka 2017, Cricket 19, Cricket 22, na Cricket 24 iliyotoka Oktoba 5, 2023, siku ileile Kombe la Dunia la wanaume lilipoanza Ahmedabad. Gemu hiyo inajitambulisha kuwa gemu rasmi ya Ashes, ingawa Ashes ya mwaka huo ilikuwa imemalizika mwishoni mwa Julai.

Kinachoitofautisha kazi ya Big Ant na zilizotangulia ni namna walivyoichukulia nusu sekunde. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kwa takribani nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde hiyo anatakiwa ajue mpira unakuja kwenye mstari gani, utadunda wapi, na mguu wake uende mbele au urudi nyuma. Gemu za zamani zilimpunguzia mpigaji mzigo huo kwa kuchora alama kwenye pichi kuonyesha mpira utakapodunda, hivyo ukawa unatazama alama badala ya kumtazama mrushaji. Tangu Don Bradman Cricket 14, ukichagua udhibiti mgumu, kijiti kimoja cha pedi ya kuchezea kinasogeza mguu, kingine kinaongoza gongo, na macho yako yanabaki kwenye mkono wa mrushaji. Kinachotokea baada ya hapo hakichaguliwi kutoka kwenye orodha fupi ya mapigo yaliyoandaliwa. Kinategemea ni sehemu gani ya gongo iliyokutana na mpira. Ukichelewa kidogo, mpira unagusa ukingo na kuishia kwenye glavu za mdakaji wa nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji. Ukiwahi mno, unaupandisha hewani kizembe. Mwenye gemu hii anajifunza, kwa vidole vyake, kwa nini mpigaji mkubwa wa dunia anaweza kutolewa na mpira ambao kwenye televisheni ulionekana wa kawaida kabisa.

Mpwa wangu hajawahi kushika gongo la kweli. Wiki ya kwanza alikuwa anapiga kila mpira na kutolewa kila baada ya dakika mbili. Wiki ya tatu nikamwona anainua gongo juu na kuuacha mpira upite pembeni ya wiketi bila kuugusa. "Huo wa kunitega, mjomba," akaniambia, "anataka niufuate." Sijui mtazamaji wa kriketi aliyefika kwenye ufahamu huo kwa wiki tatu za kutazama tu. Kuuacha mpira ndiyo nusu ya elimu ya upigaji, na gemu ilimpa mtoto wa Dar es Salaam elimu hiyo bila kocha.

Nguvu ya pili ni karakana iliyomo ndani ya gemu, wanayoiita Akademi. Humo mchezaji anatengeneza wachezaji, timu, jezi, nembo na viwanja, kisha anavigawa kwa wenzake duniani kote. Hili si pambo. Timu ya taifa ya India haimo kwa leseni, na kwa mchezo ambao India ndiyo soko lake kuu, hilo ni pengo kubwa kama gemu ya mpira wa miguu iliyokosa Brazil. Wachezaji wa gemu wamejaza pengo hilo wenyewe, jina kwa jina, uso kwa uso. Kwa mlango huohuo timu kama za Uganda na Tanzania zinaweza kuingia zikiwa na majina ya kweli na jezi za kweli. Nchi zetu zimezoea kusubiri mtu wa mbali atukumbuke kwenye orodha yake. Hapa mwenye subira ya jioni mbili anaweza kuijenga timu yake na kuipeleka kucheza na Australia. Niongeze haraka kwamba kriketi ya wanawake imepewa nafasi kamili tangu toleo la 2017, si kama kiambatisho, na hilo linastahili heshima.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe. Watu wanapoilaumu Cricket 24 huiweka kando ya gemu za mpira za EA, zile tulizozizoea kwa jina la FIFA kabla jina halijabadilishwa mwaka 2023, na kuuliza kwa nini moja ni laini na nyingine inakwaruza. Ulinganisho huo unasahau jambo moja la msingi. Katika mpira wa miguu, muda ni saa, na saa inaweza kukimbizwa. Dakika 90 zinabanwa ziwe 12, wachezaji wanaendelea kukimbia kwa mwendo wao wa kawaida, na bado unapata mechi yenye mabao mawili matatu, yenye umbo la mechi ya kweli. Katika kriketi muda hauhesabiwi kwa saa bali kwa mipira. Mechi ya T20, yaani ya ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita), ina mipira 240 kwa pande zote mbili, ya siku moja ina 600, na Testi ya siku tano, kwa ova 90 kila siku, ina 2,700. Tuseme kila mpira unachukua sekunde 20 kwenye gemu, kuanzia mrushaji anapoanza mbio hadi mpira unapomrudia. T20 itachukua dakika 80. Mechi ya siku moja itachukua saa tatu na dakika 20. Testi itakula saa 15. Huwezi kuukimbiza mpira mmoja bila kuiharibu ile nusu sekunde ambayo ndiyo uzuri wote wa gemu.

Njia inayotumiwa na wengi ni kupunguza ova. Wanacheza ova tano kila upande, mechi inaisha ndani ya dakika 20, kisha wanalalamika kwamba gemu haifanani na kriketi. Haiwezi kufanana, na hesabu yake ni rahisi kuiona. Timu ina wiketi kumi. Katika mechi ya ova 50, wiketi kumi zinagawanywa kwa mipira 300, yaani wiketi moja kwa kila mipira 30. Mpigaji anayetupa wiketi yake ametupa mali ya timu nzima. Katika ova tano, wiketi kumi zilezile zinagawanywa kwa mipira 30, wiketi moja kwa kila mipira mitatu. Wiketi imeshuka thamani mara kumi. Hapo hakuna sababu ya mtu yeyote kujilinda au kuuacha mpira upite, na hakuna faida ya nahodha kuweka mtego wa subira. Kila mtu anarusha gongo, kompyuta nayo inarusha gongo, na ule ustadi wote uliojengwa ndani ya pichi unageuka kuwa bahati nasibu.

Mfano wa nyumbani utalieleza hili vizuri. Februari 24, 2003, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Kenya waliandika mikimbio 210 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) dhidi ya Sri Lanka. Kwa timu yenye wapigaji kama ile ya Sri Lanka, 210 ndani ya ova 50 haikuwa mlima wa kutisha. Collins Obuya akaja na mipira yake ya mzunguko, akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakaanguka kwa 157, na ushindi huo ukawa nguzo ya safari ya Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ukiitazama mechi ile kwa jicho la mtengenezaji wa gemu, utagundua kwamba silaha ya Kenya haikuwa mpira mmoja wa ajabu. Ilikuwa ni mkusanyiko: ova baada ya ova bila mikimbio mingi, wapigaji wanaoanza kuutazama ubao wa matokeo, mmoja anakosa subira na kupiga pale asipopaswa, anayefuata anaingia akiwa na mzigo wa yule aliyetoka. Obuya aliwashinda kwa mpira na pia kwa muda. Gemu inaweza kuutengeneza mpira wa Obuya kwa ustadi mkubwa, lakini ule muda haiwezi.

Haiwezi kwa sababu mpigaji wa kompyuta hana hofu. Anabadilisha mwendo wake kulingana na ova zilizobaki na mikimbio inayotakiwa, lakini hajengi wasiwasi kutokana na kilichotokea dakika kumi zilizopita. Juni 2024 kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea kwa mikimbio minne tu na wiketi mbili, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la T20. Mipira 24 kwa mikimbio minne, kutoka kwa mrushaji wa taratibu, katika mchezo ambao kila mtu anatakiwa apige. Nimejaribu mara nyingi kupata ova kama zile ndani ya gemu kwa kuurusha mpira mahali palepale pagumu kwa subira ileile. Hazidumu. Baada ya ova moja au mbili kompyuta inapiga pigo kubwa kwa sababu hesabu yake inasema wakati umefika, hata kama pichi inasema wakati haujafika. Binadamu waliomkabili Nsubuga waliiona pichi ile nzito, wakaogopa, na woga ule ukawa sehemu ya takwimu zake.

Wazuiaji nao ni sehemu ya tatizo hilohilo. Malalamiko ya kwamba wanachelewa kugeuka, wanarusha mpira upande ambao mkimbiaji ameshafika, au wanauacha upite karibu na miguu yao, yote nimeyashuhudia. Wengi wanayaita makosa ya picha. Mimi naona ni makosa ya mpangilio wa kazi. Tangu 2014 juhudi kubwa zaidi imeelekezwa kwa watu wawili, mrushaji na mpigaji, na watu tisa waliotawanyika uwanjani wakaachwa kama samani. Lakini katika kriketi mpangilio wa wale tisa ndiyo lugha anayozungumza nahodha. Akimwondoa mtu mmoja upande wa kulia na kuacha nafasi wazi, anamwambia mpigaji: piga huku kama unathubutu. Ukiwa wewe ndiye nahodha, gemu inakuruhusu kuisema lugha hiyo. Kompyuta ikiwa nahodha, haiisemi, na ukiitumia dhidi yake, haiisikii. Kuhusu watangazaji wanaorudia maneno yaleyale sina la kuongeza. Ni kero ndogo.

Wapo wanaoitetea gemu hii, na hoja zao hazina uzito sawa. Hoja nzito ni ya ukubwa wa soko. Mashabiki wengi wa kriketi duniani wako Asia Kusini, na wengi wao huchezea kwenye simu, ambako gemu za India kama World Cricket Championship na Real Cricket zinapakuliwa bure. Anayetengeneza kwa ajili ya konsoli anawauzia wachache kwa bei ya juu, na hawezi kuwa na bajeti ya gemu ya mpira wa miguu. Hilo ni kweli na linaeleza mengi. Hoja hafifu kuliko zote ni ile inayosema tushukuru kwa kuwa hakuna nyingine. Mtu aliyelipa bei kamili ya gemu kubwa hapaswi kuambiwa ashukuru inapojifunga katikati ya mechi aliyoicheza kwa saa mbili. Zaidi ya hapo, kukosa mshindani hakuwezi kuwa utetezi wa kitu ambacho mshindani ndiye angekilazimisha kiwe bora. Na kuna jambo lililo mikononi mwa studio yenyewe: mwaka huohuo wa 2023 Big Ant walitoa pia gemu ya mpira wa Australia, AFL 23, na gemu ya tenisi, TIEBREAK, ikiwa bado katika hatua za majaribio. Studio ya ukubwa wa kati iliyobeba michezo mitatu ndani ya mwaka mmoja imechagua yenyewe kugawa nguvu zake, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama uchaguzi huo ulikuwa sahihi.

Upande wa wakosoaji nao una hoja moja dhaifu inayorudiwa mno, kwamba EA wangerudi, kila kitu kingenyooka. EA wangeleta nyuso nzuri zaidi, wazuiaji wanaokimbia kama watu, na mtandao usiokatika. Lakini wangekutana na mipira ileile 240, 600 na 2,700. Cricket 07, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa mapenzi, haikulitatua tatizo la muda. Tulikuwa tunacheza ova tano tukiwa wadogo na hatukujali. Pesa zinaweza kununua picha nzuri ya uwanja wa Lord's, lakini haziwezi kujibu swali la namna ya kumpa mtu mwenye saa moja jioni uzito wa mechi ya siku nzima.

Jibu lake, kwa maoni yangu, liko karibu zaidi ya tunavyodhani, na chembe yake imo tayari ndani ya gemu. Katika hali ya taaluma, ambamo unacheza kama mtu mmoja tu tangu ujana wake, unaweza kuruka sehemu zisizokuhusu na kuingia zamu yako inapofika. Ukiwa mrushaji, unarusha ova zako kumi na kuiachia kompyuta zilizobaki. Hapo mechi ya siku moja inakuwa mipira 60 yako mwenyewe, takribani dakika 20, na thamani ya wiketi inabaki palepale kwa sababu ova 50 hazijaguswa. Kilichokosekana ni kwamba ova zinazochezwa na kompyuta bila wewe hazibebi kumbukumbu ya zile ulizozirusha. Umembana mpigaji kwa ova tano, unaruka mbele, na anarudi kwako akiwa mtulivu kana kwamba hamjawahi kukutana. Gemu ikianza kuibeba kumbukumbu hiyo, kwamba huyu amekaa mipira 40 bila kupata nafasi, kwamba mwenzake katolewa na mpira unaofanana na huu, basi tatizo la muda litakuwa limepata mlango.

Kwa kijana anayeanza leo, ushauri wangu unafuata hesabu hiyohiyo. Usianze na mechi ya ova tano, itakufundisha tabia ambazo kocha yeyote atahangaika kuziondoa. Chukua udhibiti mgumu wa vijiti viwili hata kama utatolewa mara 20 mfululizo, kwa sababu faida yote ya gemu hii imo humo. Ingia kwenye hali ya taaluma kama mrushaji, katika mechi za ova 20 kwenda juu, na jifunze kupanga wazuiaji wako mwenyewe badala ya kumwachia nahodha wa kompyuta. Kwa waratibu wa kriketi katika shule na klabu zetu, nasema gemu hii inafaa kwa mambo mawili, kusoma mpira na kupanga uwanja, na haifai kabisa kwa kufundisha namna ya kujenga zamu ndefu ya kupiga. Hilo bado linahitaji uwanja, jua na mtu wa kukurushia.

Nimejiwekea kipimo kimoja kwa toleo lolote litakalokuja, na nyuso za wachezaji wala idadi ya viwanja havimo. Nitaweka mechi ya ova 50 Nairobi, nitawapa wenyeji mikimbio 210, nitachukua mrushaji mmoja wa mzunguko, na nitamtazama mpigaji wa kompyuta kuanzia ova ya 20 na kuendelea, nione kama ataanza kuutazama ubao.